Pilipili Usiyoila

Dukani kwa Mutonyi, barabara ya Naboa,
wanauza kufuli, tochi, mitego ya panya,
na kwenye droo ya chini, chini ya risiti,
makopo yasiyozidi kidole cha kati.

"Unataka la kazi gani?"
Nikamwambia: kibanda changu cha kutuma pesa nakifunga saa tatu usiku,
kutoka hapo hadi Namatala kuna taa mbili,
na moja imekufa tangu Pasaka.

Hakuuliza zaidi. Akapanga matatu juu ya meza.
Hili la waridi, akasema, ni zuri kwa kupigwa picha.
Hili hutoa ukungu: watakohoa wote, nawe ukiwemo.
Hili hutoa mkondo, kama mkojo wa mtoto wa kiume,
mwembamba, unafika mbali, hauyumbishwi na kila upepo.
Akaligeuza. Soma tarehe hapa kitakoni;
kopo lililopitwa na wakati ni manukato tu.
Elfu thelathini na tano.
Akapunguza elfu mbili, mengine akanifunza bure:

gumba juu, si kidole cha shahada;
kizuizi ukifungue bila kutazama, kama uwashavyo jiko gizani;
usilitupe mkobani chini ya kitana na chaja,
hakuna mwizi atakayekungoja upekue;
lenga macho, hesabu moja, sogea kando, kimbia.
"Kimbia," alirudia. "Hii si ya kumshinda mtu.
Hii ni ya kununua dakika."

Jumapili nilijaribu nyuma ya nyumba,
nikilenga ndoo kuukuu ya rangi.
Upepo wa Wanale hushuka jioni bila kubisha hodi.
Kuku wa jirani alipiga chafya
(sikujua kuku hupiga chafya)
nami nikainamia beseni, machozi na kamasi,
nikijifunza kwa ngozi yangu alichosahau Mutonyi:
kwanza uliza upepo unakwenda wapi.

Miezi minne kopo lilikaa kiganjani, likashika joto langu.
Nikawa nasalimia watu kwa mkono wa kushoto,
wakadhani nimekosa adabu.

Halafu ile Alhamisi.
Sitasimulia yote. Mkono kwenye kamba ya mkoba,
harufu ya waragi, "Toa simu. Ile ya kazi."
Upepo ulikuwa mgongoni kwangu;
mwili ulijua kabla yangu.
Gumba. Moja. Kando.

Sikukimbia papo hapo. Ni kosa, najua.
Alikuwa amepiga magoti vumbini, akimwita mama yake
kwa Kigisu, kwa sauti ileile niisikiayo kila muhula dirishani:
"Dada, tuma ada, usikosee namba ya shule."
Namba yake mwenyewe ninayo kichwani. Inaishia saba tatu.

Ndipo nikakimbia.

Nyumbani nikajisahau, nikafikicha jicho
kwa gumba lilelile.
Wahenga wanauliza, pilipili usiyoila yakuwashiani?
Wahenga hawakuwahi kufunga kibanda saa tatu usiku.

Asubuhi nilifungua. Sijui kwa nini. Kodi, labda.
Saa nne akaja binti wa sare ya shule, soksi moja imeshuka,
simu ya baba yake mkononi.
"Nimetumwa kutoa elfu nane. Za dawa ya macho."
Saba tatu.

Nikahesabu noti. Nikahesabu tena, kama si zangu wala zake.
Maneno niliyoyapanga usiku kucha
yalikuwa ya mtu mrefu kuliko huyu.
"Mwambie asifikiche," nikasema. "Maji baridi, mengi.
Asifikiche kabisa."

Akanitazama. Jicho langu la kulia lilikuwa bado jekundu.
"Kumbe hata wewe, anti?"

Nikamchania risiti.