Mkate wa Mize

Umeniuliza, Nargis, vuli hii uende kuona nini.
Nitakujibu kwa mpango, ingawa mimi si mtu wa mpango.

Filamu kwanza. Nilipanda boti hadi Unguja kwa ajili yake,
nikatapika mara mbili mkondo wa Nungwi,
nikafika Ngome Kongwe kanga inanuka ndimu,
nikalipa elfu kumi, nikakaa ngazi ya juu kabisa.
Ilikuwa nzuri. Sitaki kusema uongo.
Wete yetu ilionekana kutoka angani
kama sahani iliyosuguliwa kwa jivu,
mapaa yote mapya, hata la nyumba ya sheha
ambalo sote twajua linavuja.

Lakini Mize.

Unamkumbuka Mize wa kitabuni:
karani wa simu, posta, mwaka wa sabini na mbili,
miwani imefungwa uzi, goti la kulia linauma,
anaunganisha sauti za mji mzima
na yake haina wa kuipokea.
Tulikisoma kidato cha pili, nakala moja watu saba,
jalada limekwisha, kurasa za mwanzo zimeng'oka,
mwanzo tukajibunia wenyewe.

Kwenye filamu kapewa wanja, kapewa kiuno,
kapewa ufuo wa kulilia.
Usiku ule anapounganisha simu ya Tanga
akamsikia mumewe akicheka na sauti asiyoijua,
muziki unapanda, Mize anakimbia,
mchanga, machozi, mawimbi, mwisho.

Kitabuni hakimbii.
Ukurasa wa mia na kumi na mbili:
anavua visikilizio, anavipangusa kwa ncha ya buibui,
anafungua kitambaa, anakula kipande cha mkate wa kumimina.
Basi.
Nimeishi na mkate huo miaka arobaini.
Nimezika nao mume.

Sasa mchezo wa jukwaani.
Ukumbi wa skuli, Wete, Ijumaa baada ya Isha, kiingilio hiari.
Shaame Khatib kakipunguza kitabu
kikawa saa moja na watu watano.
Ubao wa simu ni boksi la televisheni,
vizibo vya soda vimegongomewa, nyaya ni kamba za viatu.
Tanga ni kiti kilichogeuzwa.
Mize ni Time, yule muuza vocha wa Bopwe,
hajaigiza maishani mwake,
na aliposema "Halo, Chake?"
mtu wa nyuma akamjibu, "Nirushie ya elfu!"
Tukacheka, naye akacheka,
nikasema moyoni: imekwisha hii.

Kisha mvua ikashuka juu ya mabati.
Unaijua mvua hiyo, haibishi hodi.
Midomo ikawa inakwenda bila neno.
Umeme nao ukaona usibaki nyuma.
Shaame kasimama pembeni, mikono kichwani.
Watu wakawasha tochi za simu zao,
huyu, na yule, na safu nzima ya wanafunzi,
mpaka vizibo vya soda vikawaka ubaoni
kama mji mzima unapiga kwa pamoja.

Na Time, asiyesikika, akamsikia mumewe.
Sijui alifanyaje. Alikaza shingo tu,
kama mtu aliyeitwa jina asitake kugeuka.
Akavua visikilizio. Akavipangusa.
Akafungua kitambaa.
Mkate ulikuwa wa kweli,
kaupika mama yake mdogo alasiri ile;
iliki ikatufikia safu ya sita
kabla mkono haujafika mdomoni.
Alitafuna. Hakuharakisha kumeza.
Ubavuni mwangu Bi Kazija, mstaafu wa posta,
akalishika goti lake la kulia.

Mvua ilipopungua, mtoto wa mbele akasema:
"Na mimi nipe."
Time akamkatia.

Hilo kitabuni halimo.
Nimelitia kwa kalamu ya risasi, ukingoni.

Wanarudia Ijumaa ijayo.
Njoo na mwavuli,
na simu yako uijaze chaji.