Uzi wa Fundi Marjan

Bombo, asubuhi. Mbao za mvule bado zina umande.
Chaki imekwisha dukani,
basi Marjan anaponda betri kuukuu ya redio
mpaka uzi uwe mweusi kama wanja.

"Shika hapo. Kaza. Usipumue."
Ncha nimeibana kwa ukucha wa gumba.
Anauvuta kutoka ukutani, anauachia:
ta!
Mstari wa rafu, na vumbi puani mwangu.

Natazama. Huku umegusa fremu ya dirisha,
kule umeachana nayo vidole viwili.
Fundi, uzi wako umepinda.

Anacheka, masizi mpaka kwenye ndevu.
"Uzi haujui kupinda, binti.
Dirisha hili nililipachika mimi,
mwaka niliooa,
kwa jicho tu."