Ramani ya Maranda

Zege hili lilimwagwa mwaka nilioolewa
na tangu hapo halijapiga hatua hata moja kunielekea.
Mimi ndiye niendaye, kila asubuhi, ngazi kumi na tatu,
hadi chumba kilicho mvunguni mwa nyumba,
hapa Winnipeg, ambako ardhi huganda
kina cha mtu mzima aliyesimama.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Sawa. Nimeinama miaka ishirini na minane.
Ila waliosema hivyo hawakusema
goti liwekwe juu ya nini.

Visigino vilianza Novemba,
kwanza kwa adabu, kama wapangaji wanaoulizia taa ya ngazini,
kisha kwa makelele.
Halafu patasi ya marehemu baba ikaniponyoka,
ikaangukia makali.
Pengo dogo, kama la mtoto aliyeng'oka jino.
Nilinoa siku mbili, nikitukana kwa Kiukraini,
lugha ninayoitunza kwa kazi hiyo tu.

Dukani, kijana Jomar akanitandikia sampuli.
"Vua viatu, mama, ndipo utajua."
Nikavua. Soksi ya kushoto ina tundu; hakutazama.

Mkeka wa kwanza ni wa sponji, vipande vyenye meno yanayoumana,
laini kama mkate usioiva.
Kigoda changu kina miguu mitatu myembamba, nikamwambia.
Akabonyeza kwa kidole gumba.
Shimo likabaki, likitutazama.
Wa pili, mpira wenye matundu: maji hupita.
Skrubu nazo hupita,
na nusu ya uzee wangu imekwishia kutafuta skrubu.
Wa tatu ni wa zizini, mweusi, mzito kama deni,
unanuka tairi lililosahaulika juani.
Shemeji Ostap aliusifia kwenye simu:
"Ng'ombe wangu wanausimamia mchana kutwa,
sijasikia hata mmoja akilalamika."
Kweli, Ostap. Wala mimi sijasikia mmoja akipiga randa.

"Chumba kina ukubwa gani?"
Nikataja. Akapiga hesabu.
Nikavaa viatu.

Usiku ule nilipepeta maranda sakafu nzima,
membamba, kama unga mezani kabla ya donge.
Nikafanya kazi siku tatu bila kugusa ufagio.
Nilitaka miguu ijiandikie yenyewe.

Siku ya nne nikasimama ngazini, nikasoma.
Mbele ya jiliwa, duara limekwanguka hadi zege linang'aa,
wayo wa kulia umekula zaidi.
Mbele ya keekee, alama mbili sambamba,
kama za mtu anayengoja hukumu.
Baina yao kijia cha panya.
Kona ya kaskazini, ambako theluji huchuruzika kila Aprili,
maranda hayajaguswa.
Miaka yote nikijidai mwenye karakana,
kumbe naishi kwenye nafasi ya meza mbili.

Na chini ya kidirisha,
kile cha juu, kilicho sawa na nyasi za nje,
duara la tatu. Pana kuliko yote.

Hapo hapana chombo. Hapana hata rafu.
Sikumbuki kusimama hapo.
Nikaenda, nikaweka miguu ndani ya alama.
Zikanienea.

Ukiwa hapo unaona viatu vya wapita njia,
paka wa jirani akichagua pa kukanyaga thelujini,
na ukingoja hadi saa kumi,
jua linaingia kwa ubapa
na kulala juu ya mbao ambazo bado hazijawa kitu.

Nikarudi kwa Jomar. Vipande vitatu, nikasema,
vya mpira mzito, visivyo na tundu,
kingo ziwe mshazari nisijikwae,
na viweze kunyanyuliwa na mwanamke mmoja maji yakija.
Viwili vya kazini.
"Na cha tatu?" Kalamu yake ikangoja.

Cha tatu kiwe kinene zaidi.