Fimbo ya Vidonge

Walituletea fimbo siku moja na makasha,
nyeupe, ndefu kumpita mwalimu mkuu,
ina mistari myekundu na tarakimu kando.
Si ya kuchapia, wakasema. Ya kupimia.
Mtoto asimame wima, visigino ukutani;
utosi ukigusa mstari wa kwanza, kidonge kimoja,
wa pili, kimoja na nusu,
na hivyo hivyo mpaka juu, vidonge vitano,
kimo alichokifikia mlinzi peke yake, Dadi Khatibu,
akavimeza vyote kwa fahari
kama aliyetunukiwa nishani.

Mimi ndiye niliyekabidhiwa.
Semina siku mbili Wete, soda na sambusa,
nikarudi Mtambwe na fulana yenye nembo ya watu wasionijua.
Tulipika uji kwanza, maana dawa ya kichocho haitaki tumbo tupu:
inazungusha kichwa,
ina uchungu unaokaa ulimini hadi alasiri.
Ndipo nilipojifunza hila za watoto.
Shaame Mbarouk alikunja magoti kidogo
ndani ya suruali ya kurithi, apunguziwe nusu.
Mize, mdogo wake, alisimama kwa ncha za vidole
apate sawa na kaka yake.
Nyookeni, nikawaambia. Ugonjwa haudanganywi kwa magoti.

Lakini mchana, kengele ikigonga,
waliteremka bondeni walewale, kwenye mto uleule,
na ndoo, na sare za kufua, na kelele zao.
Bomba tunalo. La mradi mwengine,
lina kibao cha marumaru na tarehe,
na tangu uzinduzi mdomo wake haujalowa.
Na konokono, wadogo kama punje za pilipili manga,
wameshikilia majani ya yungiyungi
bila kujua kwamba wameandikwa kwenye ripoti
kwa lugha tatu.

Zamani mvulana akikojoa damu
watu walisema amebaleghe. Walicheka.
Sasa hatucheki. Hicho tulikipata, nakiri,
na hakikuwa kidogo:
mwaka wa saba mikojo ilikuja kwenye vikopo
imetakata kama maji ya dafu,
nami nikajifungia choo cha walimu,
nikalia kwa furaha ya mkojo.

Mwaka wa nane makasha hayakuja.
Nikapiga simu Wete; Wete wakapiga Unguja;
Unguja wakasema subirini.
Baadae likaja neno, lina adabu zake:
vipaumbele vimebadilika.
Mahali fulani, kwenye chumba chenye ubaridi,
mtu ambaye simlaani, pengine ana watoto,
alipiga mstari mwekundu yeye pia.
Wake haukuwa na tarakimu kando.

Fimbo imebaki.
Msimu wa karafuu mkwe wangu akaiegemezea kamba ya nguo;
nikaichukua, tukanuniana siku mbili.
Kila Januari napima. Sijui kwa nini napima.
Shaame amefika vidonge vinne.
Ana sauti nzito, na haya,
na juzi alinisubiri nyuma ya darasa,
akatazama viatu vyake:
"Mwalimu, imerudi."
Mize yuko viwili na nusu.
Hasimami tena kwa ncha za vidole.

Jumamosi niliteremka mtoni na fimbo.
Wanawake waliokuwa wakifua wakanyamaza,
Bikombo akasema, masikini, kishachanganyikiwa.
Nikaingia na nguo zangu hadi kiunoni,
nikaisimamisha wima, kisigino chake matopeni,
nikasubiri maji yatulie.

Usiku nikafungua daftari.
Mahali pa jina nikaandika: Mto.
Mahali pa kipimo: kidonge kimoja.
Mahali pa *amepewa* au *hajapewa*
kalamu ilikaa muda mrefu,
na nguo zangu, kwenye kamba,
zilikuwa bado zinadondoka.