Mwandika Viputo

Bridgeport, ghorofa ya tatu, juu ya dobi wa Kigiriki.
Mvuke wake hupenya mbao, hulegeza karatasi,
na mimi, Odile Vantongeren, naandika maneno ya watu wasiokuwapo
kwa malipo ya ukurasa.
Simchori mtu. Wachoraji ni wengine.
Mimi huletewa vinywa vilivyokwisha kufunguliwa,
nivijaze.

Miaka sita nimemjaza Perran.
Aliingia toleo la tisa, mtoto wa mashavu ya samaki,
kang'ang'ania mgongo wa Orkadon kama chaza mwambani,
kazi yake kuuliza: "Sasa tufanyeje, Orkadon?"
ili mkubwa apate nafasi ya kujibu.
Nibu yake ilikuwa nyembamba kuliko zote,
herufi kama miguu ya kamba.
Chini ya maji, nilijiambia, kila neno ni pumzi,
na huyu anazo nyingi za kumwaga.

Januari, Zelnik akaleta toleo la sitini na moja.
Mtambo wa mafuta umevunjika karibu na Newfoundland,
nguzo ya chuma imemlalia Orkadon kifuani,
na vali iko wazi upande wa pili,
weusi unatapakaa, samaki wanageuka matumbo juu.
Kijana mmoja. Pande mbili.
Ukurasa wa kumi na tisa Zelnik amempa maneno arobaini na manne
juu ya wajibu, juu ya kiapo, juu ya walimwengu.
Nikayahesabu mara mbili.
Ukiyaeneza yote, yanafunika macho ya mtoto,
na macho yale Ignacy aliyakesha.

Saa kumi jioni nikapiga simu nyumbani,
Lucan amtoe kuku kwenye friji.
"Halo," akasema mwanamume.
Nikaomba radhi, nikakata.
Nikakaa, mkono juu ya simu.
Namba niliyozungusha ilikuwa ile ile.
Nyumbani kwangu hakuna mwanamume
tangu Raymond afuate reli kwenda Toledo.

Nikapiga tena. "Mama, mbona umekata?"
Sauti ikapanda, ikateleza katikati, ikaanguka
kama mtu aliyekosa kipandio kimoja cha ngazi gizani.
Lini? Jana tu alikuwa akiomba maziwa kwa sauti ya filimbi.
Au si jana.
Au nilikuwa namsikiliza yule mwingine,
anayenilipa kwa ukurasa.

Nikaichomoa nibu nyembamba, nikaifuta,
nikaitia kwenye kopo la kahawa.
Nikashika nene, ya Orkadon. Hapana. Hiyo ni ya mwenyewe,
na mwenyewe bado anapumua.
Ikabaki ya katikati, ambayo sikuwahi kumpa mtu.
Maneno arobaini na manne nikayapiga mstari.
Ndani ya kiputo nikaandika moja: "Naenda."
Herufi ya kwanza nikaiacha iteleze kidogo.

Ukurasa wa ishirini Perran amegeuka mgongo, anaogelea kuelekea vali.
Nyuma yake, chini ya chuma, Orkadon anatoa viputo vidogo vitupu
ambavyo si kazi yangu kuvijaza.
Vitatu.
Viwili.

Zelnik alifoka hata dobi akapanda ngazi na pasi mkononi.
Kisha akausoma tena ukurasa, akavaa kofia,
akasahau mwavuli.
Ukaenda kiwandani vivyo hivyo.

Usiku kuku alikuwa bado barafu.
Tukala mkate na mayai.
Lucan akasema mambo machache,
kila moja kwa sauti yake,
akaona haya, akanywa maji.
Sikumcheka. Sikumuuliza.
Nilimwachia nafasi nyeupe
pale juu ya kichwa chake,
kubwa kuliko anayoihitaji leo.