Kifungu cha Tisa

Rasimu ya kwanza niliianza "Mpendwa Anselmo,"
wakili akalikata neno mpendwa kwa wino mwekundu.
Ya pili: "Bwana Urruti, natumai u mzima."
Zulma akaniuliza kama hiyo ni barua ya posa.
Hii ya tatu haina salamu.
Ina tarehe, namba ya duka, jumla ya deni,
na neno ONYO kwa herufi kubwa,
ambalo nililiandika nikitazama pembeni.

Miezi mitatu ya kodi ya pango.
Pango: neno lenyewe lina giza lake.
Na duka ni pango hasa,
upana wake mikono miwili iliyonyooshwa,
ukutani funguo ambazo hazijachongwa meno
zimening'inia, vichanga vya shaba,
kila kimoja kikingoja nyumba ya kuzaliwa.

Montevideo, Julai. Baridi inapanda kutoka mtoni
hadi kwenye mifupa ya jengo.
Paa linavuja juu ya ngazi, nimeweka sufuria,
na usiku naisikia ikihesabu.
Benki hainiulizi kama Anselmo ni mtu mwema.
Benki huniletea barua isiyo na salamu.
Labda huko ndiko nilikojifunzia.

Mkataba aliusaini na baba yangu
mwaka ule nilipokuwa naota meno ya pili.
Kifungu cha tisa: mpangaji akichelewa
aonywe kwa maandishi,
apewe siku kumi na nne,
zikiisha, mlango urudi kwa mwenyewe.
Kifungu, ufunguo, kufunga, kufungua:
usiku kucha nimeyageuza kinywani
na hakuna hata moja lililoingia kwenye tundu.

"Tuma kwa posta, kwa rejesta," Zulma alinionya.
"Ukienda, utaketi.
Ukiketi, utakunywa chai yake chungu.
Ukinywa, umeongeza mwezi."

Nilienda.
Sikuketi.

Alikuwa akisugua kipande cha shaba kwa tupa,
mteja hakuna, redio ikikoroma.
Ng'ambo ya barabara, jengo jipya la vioo,
wakazi wakiingia bila kuguza mfuko.
"Siku hizi watu wanafungua milango kwa kidole,"
alisema, "nami kuchonga kidole sijui."

Nikampa bahasha.
Akavaa miwani, akasoma wima,
kama mtu asomaye tangazo la msiba
akitafuta kama jina ni la mtu anayemfahamu.
Kisha akachomoa penseli nyuma ya sikio.

"Umekosea."

Nikakaza taya. Nilikuwa nimejiandaa
kwa mke mgonjwa, kwa serikali, kwa Mungu.

"Si mitatu. Ni mitatu na nusu.
Machi nilikuletea nusu, ukaandika nzima."
Akaisahihisha jumla, akatia saini pembeni,
akapuliza vumbi la penseli,
akanirudishia onyo langu
likiwa zito kuliko nilivyolileta.

"Na siku zikiisha," akaongeza, "kitasa kibadilishwe."
Hilo sikuwa nimelifikiria.
"Usiite kijana wa supamaketi. Atauvunja ulimi,
huu ni mkaidi, unataka kuinuliwa kidogo kwanza.
Nitakibadilisha mwenyewe,
ujira wangu uukate kwenye deni."

Dawa ya deni ni kulipa, walisema wahenga.
Ya anayedai hawakuitaja.

Nyumbani nilisimama mlangoni kwa muda,
ufunguo mkononi, umelainika pembe;
aliuchonga yeye, wiki tuliyomzika baba,
na hakutoza kitu, au alitoza nikasahau,
sina tena imani na vitabu vyangu.

Zulma anasema masahihisho ya penseli
hayasimami mbele ya hakimu.
Basi nimeandika rasimu ya nne.
Jumla imepanda. ONYO liko palepale.
Siku kumi na nne zinahesabiwa kuanzia leo;
la, kuanzia kesho,
posta imefungwa.