Hodi kwa Kila Mlango

Desemba, Tampere. Saa tisa alasiri
na taa za barabarani zimekwisha washwa.
Nimetandaza karatasi juu ya meza ya kukatia sufu
kwani ofisini hakuna meza inayotosha wingu.

Kiwanda kinafuma soksi. Miaka tisini na miwili, soksi.
Seva mbili zimelala ghorofa ya chini, kando ya boila,
zikivuta pumzi ya manyoya ya kondoo,
na Kauko Lehtovirta, mwenye mali,
huuvaa ufunguo wa chumba chao shingoni
kama mtu aliyekatazwa na daktari kuuvua.

"Wingu halina mlango," akaniambia.
"Nitalifunga na nini?"

Mwaka mzima sijaulizwa swali zuri kama hilo.
Wingu limetanda, mtandao umetanda,
na kilichotanda hakina kizingiti
mpaka mtu akichore.

Basi nachora.
Hapa mashine za kufuma, peke yao,
zisisemezane na yeyote ila fundi wao.
Hapa duka, linalopigiwa hodi na dunia nzima.
Hapa mishahara, ndani ya ndani.
Na kati yao kuta nyingi nyembamba, si boma moja nene,
kwa sababu aliyekwisha kuliruka boma
hulala chumba akipendacho.
Nataka hodi kwa kila mlango.
Abishaye ajitaje, aoneshe alama ya kidole,
hata kama alipita hapa dakika tano zilizopita,
hata kama ni mwana wa nyumba.
Hasa mwana wa nyumba:
kikulacho ki nguoni mwako,
na sisi hapa kazi yetu ni nguo.

Nikaomba orodha ya majina.
Wafanyakazi mia na tatu, akaunti mia na kumi na nne.
Nikafuta: mwanagenzi wa miaka mitatu nyuma,
printa iliyouzwa, "jaribio", "jaribio la pili",
"jaribio la mwisho kabisa",
hadi nikafika kwa Esteri L., mbunifu wa mitindo.
Alizikwa mwezi Machi.
Aliingia jana, saa nne na dakika kumi na moja usiku.

Mwili ukanisisimka. Nikafuata nyayo
nikitarajia nchi za mbali, majina ya kukodi.
Nyayo zikateremka ngazi.
Ghorofa ya chini. Kando ya boila.

Sikumuuliza. Alianza mwenyewe,
akiangalia mchoro wangu, si mimi:
"Anagombana na wauza sufu juu ya rangi ya kijivu.
Barua ndefu! Nasoma mbili, tatu,
halafu naenda kulala."

Kanuni ya kwanza nilikuwa nimeiandika kwa wino mwekundu:
asiyekuwepo asimiliki ufunguo.
Niliitazama kwa muda. Ni kanuni njema.
Kampuni zimeanguka kwa kuipuuza.

Akaunti nikaifunga. Kisha, pembeni mwa karatasi,
penye doa la kahawa, nikachora chumba kidogo
kisicho na njia ya kwenda kwenye chumba kingine.
Ndani, barua zake. Kusoma tu;
hakuna kujibu, hakuna kufuta.
Mgeni mmoja.

"Na mimi nibishe hodi?" akauliza. "Kwa mke wangu?"
"Na wewe. Neno la siri, halafu kidole."
Akacheka hadi akakohoa.
"Hilo angelipenda. Miaka arobaini
nilikuwa naingia bila kubisha."

Ijumaa zile seva zilizimwa.
Boila likabaki linanguruma peke yake,
na sauti yake, ajabu, ilikuwa ndogo kuliko tulivyodhani.
Kauko akauvua ufunguo, akauweka juu ya mchoro,
akaniaga, akafika mlangoni.

Akarudi, akauchukua.

Katika mpango wangu wote ufunguo ule haufungui kitu.
Sikuuandika popote.